Nilivyokaza Beringi za Mama Mkwe

Leo nimejiaibisha mchana kweupe, pale Kamakis, mbele ya mama mkwe, shemeji na watu wote waliokuwa wamekuja kula mbuzi. Wacha niwaeleze mwenyewe kabla video haijawafikia.

Mnaijua ile pikapu ya kina Wanjiku, mke wangu. Ile ya kijani, ya kuvuta magurudumu yote manne, kuukuu kuliko ndoa yetu. Tangu baba mkwe aage dunia iko kwa mama mkwe huko Thika. Kwa miezi kadhaa sasa magurudumu ya mbele yamekuwa yakinguruma ukishika mwendo, na ukikata kona kelele inazidi hadi mnanyamaza wote garini. Mama mkwe akasema amechoka nayo. Kuna broka wa Githurai 45 anaitaka ya kubebea kabeji, na wacha aichukue.

Roho iliniuma. Mimi nauza chakula cha kuku. Kila gunia ninalompelekea mteja kule Mwihoko linapanda bodaboda, na bodaboda ikianguka (imeanguka mara tatu) nabaki nikiokota chakula barabarani huku kuku wa watu wakinisaidia kumaliza. Na ile pikapu, jamani! Ningekuwa mtu. Kwa hiyo wiki iliyopita nikafunga safari hadi Thika, nikaketi mbele ya mama mkwe kwa adabu zote.

"Mum, usiuze. Hiyo kelele ni beringi tu za mbele. Nitaweka mpya mimi mwenyewe."

Akaniangalia. "Wewe mwenyewe, Baba Shiru?"

"Mimi mwenyewe."

"Haya. Jumamosi tunaenda kula Kamakis na watoto wangu wote. Utanipeleka nayo. Ikifika vizuri na kelele imeisha, tutaongea. Ikikataa, broka anakuja Jumatatu."

Mtauliza kwa nini nilisema mimi mwenyewe. Ni kwa sababu shemeji Gachanja, aliyemuoa dada yake Wanjiku, alikuwa amekaa hapo hapo akinywa chai. Gachanja ni mtu wa kusema "peleka kwa fundi" kwa kila kitu, hata balbu ikiungua. Sikutaka kufanana naye. (Leo natamani sana kufanana naye.)

Basi jana Ijumaa nikafika Thika asubuhi na beringi mpya, mkebe wa grisi na spana kubwa niliyoazima kwa jirani. Mama mkwe alikuwa ameenda kwa kikundi chake cha akina mama, boma lote langu. Nikainua gari kwa jeki. Nikaweka simu juu ya ndoo, nikafungulia video ya fundi mmoja anayeeleza pole pole, hatua kwa hatua. Niwaambie ukweli, nilikuwa naenda vizuri! Nilitoa gurudumu. Nilitoa zile nati mbili kubwa zinazobana beringi. Nilitoa beringi za zamani, zimelika kweli, nikajipiga kifua. Nikazijaza mpya grisi kwa kiganja kama nilivyoonyeshwa, nikazirudisha mahali pake.

Tukafika kwenye nati. Fundi wa video akasema, "Sasa unakaza. Unakaza kabisa, halafu..."

Video ikasimama. Bundles za intaneti zimeisha.

Ningeweza kununua zingine, duka liko hapo nje ya geti. Lakini nikajiuliza, kwani baada ya kukaza kabisa kuna nini tena? Halafu unanawa mikono! Nikakaza. Nikatia bomba kwenye spana ili nipate nguvu. Nikapanda juu ya bomba kwa miguu yote miwili, kilo tisini na kitu, nikaruka kidogo. Upande wa kushoto niliruka mara mbili kwa sababu ndio uliokuwa ukipiga kelele zaidi. Nikajaribu kuzungusha gurudumu kwa mkono, likasonga kidogo tu na kusimama. Nikasema hiyo ndiyo raha ya kitu kipya, kimeshika.

Nikajipiga picha, grisi hadi kwenye nyusi, nikatuma kwenye grupu ya familia: "Fundi ni mimi." Gachanja akajibu kwa kidole gumba. Kimoja.

Leo sasa. Saa nne tuko tayari, mama mkwe na sweta yake nzuri na mkoba wake mweusi, Wanjiku amekaa kiti cha nyuma. Kabla mama mkwe hajapanda, akalizunguka gari, akainama kidogo kwenye gurudumu la mbele.

"Baba Shiru, baada ya kukaza ulilegeza kidogo?"

Nikacheka. (Nilicheka! Mungu anisamehe.) "Mum, mimi nikikaza sitaki mambo ya kulegeza."

"Haya," akasema, akapanda.

Tukaingia barabara kuu. Kelele kwisha! Kimya kabisa! Niliwaambia msikilize, msikilize hiyo raha, na Wanjiku akanipiga begani kwa furaha. Kufika Juja nilikuwa nimeshaanza kueleza nitakavyopanga magunia kule nyuma. Nikaona usukani unavuta kushoto kidogo. Nikasema ni upepo. Kufika Ruiru gari likawa zito, nakanyaga mafuta na haliendi. Nikasema ni dizeli ya siku hizi. Tulipoingia barabara ya Bypass kukaanza kunuka.

"Mnaskia hiyo choma?" nikasema. "Tumekaribia."

Wanjiku akanusa. "Choma gani hii inanuka waya?"

Mama mkwe alikuwa ameushika mkoba kwa mikono miwili, akiangalia nje kwa dirisha.

Nyinyi mnajua Kamakis. Ukipunguza mwendo tu, vijana wa hoteli wanakimbilia gari kukuvutia kwao. Mmoja mwenye aproni nyekundu akatuwahi, akaanza kutembea kinyumenyume mbele yetu.

"Karibu boss! Karibu shosh! Parking iko huku, leta, leta, kata kidogo, leta..." Akaangalia chini upande wa kushoto. "Wee! Boss, tairi inatoa moshi!"

"Ni moshi wa jiko zenu," nikamwambia. (Nilisema hivyo. Kuna mashahidi.)

Na kweli moshi ulikuwa kila mahali, ila huu wetu ulikuwa mweupe na ulikuwa unatufuata. Nikasimamisha gari karibu na meza za watu. Mwanamume mmoja akaikumbatia sahani yake na kuhama. Mtoto akapiga kelele, "Mami, gari inachomwa!" Aproni Nyekundu akatokea mbio na jagi la maji ya kunawa mikono, na nikasikia sauti kutoka kiti cha abiria ambayo sijawahi kuisikia tangu nioe katika familia ile.

"WACHA HAYO MAJI! Unataka ipasuke?"

Kijana akaganda. Mama mkwe akateremka. Akamtuma dereva wake wa leo, yaani mimi, nipige jeki na kutoa gurudumu. Wakati nafanya hivyo, akavua sweta, akampa Wanjiku. Akafunga leso kiunoni. Akaingiza mkono chini ya kiti chake akatoa kifurushi cha gunia ambacho mimi, niliyeshinda na gari hilo siku nzima jana, sikuwahi kukiona. Ndani kulikuwa na nyundo, spana, na tindo iliyolika mdomo kwa kazi. Aproni Nyekundu akamletea kreti ya soda ya kukalia. Tukangoja chuma kipoe, na watu wakaongezeka. Gachanja naye akafika, amevaa shati jeupe, simu tayari iko mkononi.

"Mum, wacha nikusaidie," nikasema, nikiinama kuchukua nyundo.

"Umesaidia ya kutosha." Akaninyooshea kitu cheusi. "Shika mkoba."

Nikashika mkoba. Mimi hapa, baba wa watoto wawili, nimesimama katikati ya Kamakis na mkoba wa mama mkwe, yeye amekaa kwenye kreti anafungua gurudumu langu. Aibu ilinishika hadi masikio yakawa moto.

Alifungua kile kifuniko cha katikati, akachungulia, akatikisa kichwa. "Ngai! Hii uliifunga na nini, trekta?" Akaweka tindo kwenye nati, akagonga. Ikakataa. Akagonga tena kwa hasira, ikaachia kwa mlio uliofanya meza tatu zigeuke. Akairudisha pole pole kwa vidole, akatikisa, akasikiliza, akailegeza kidogo, akafunga. Kisha akanyoosha kidole kimoja, kimoja tu, akasukuma ile habu inayobeba gurudumu. Ikazunguka. Ikazunguka, ikaendelea kuzunguka.

"Shosh! Shosh! Shosh!" Kamakis nzima ikamshangilia nyanya.

Nikajikaza nikauliza kwa sauti ndogo, "Mum, nilidhani baba ndiye alikuwa anatengeneza hii gari."

"Baba yenu?" Alikuwa anapangusa grisi na gazeti, tayari anahamia upande wa kulia. "Miaka yote ya kupeleka maziwa Ruiru, yeye alikuwa anashika tochi." Akalikunja lile gazeti. "Na alikuwa anashika vizuri. Hakuwahi kunidanganya ati amelegeza."

"Lakini Mum, mimi sikusema nimelegeza..."

"Nyamaza, Baba Shiru."

Tulikula saa nane. Gachanja alinipa mbavu ile nzuri, kwa huruma, na huruma ya Gachanja ni kitu kibaya sana. Nilikula nikiangalia meza, nikijua broka wa Githurai ameshinda, nikihesabu bodaboda nitakazopanda hadi nizeeke. Mwisho mama mkwe akanawa mikono, akatoa ufunguo, akauweka kando ya kachumbari.

"Hii gari siuzi," akasema.

Nikainua kichwa. Mkono wangu, bila ruhusa yangu, ukaanza kwenda.

"Ni ya Wanjiku. Ana leseni tangu kabla ya harusi na hakuna mtu amewahi kumpa usukani. Leo ataendesha mpaka Thika pole pole, nikiwa kando yake. Hizo beringi zimeungua, hazitafika mbali, mtanunua zingine. Nitamfundisha kuzifunga mimi."

Wanjiku akaushika ufunguo akalia, halafu akacheka, halafu akaniangalia akacheka zaidi. Na niwaambie kitu, nilifurahi. Kweli nilifurahi. Nilichukia tu kwamba nilifurahi mbele ya Gachanja.

"Na mimi, Mum?" nikauliza.

"Wewe si una magunia? Utabeba."

Kwa hivyo pikapu tumeipata. Kuanzia wiki ijayo, ukiliona gari la kijani likipita Mwihoko, dereva ni Wanjiku, na huyo aliyekaa huko nyuma juu ya chakula cha kuku ni mimi. Tafadhali usinipungie mkono. Niko kazini.