Kuingia Zinaingia, Kutoka Hazitoki

Jumatatu, 3 Februari
Kiwanda cha bento, vyakula vya kubeba kwenye kasha, hapa Osaka kinatafuta programu ya kuchunga kompyuta zake. Nikikosa zabuni hii, Bosi Tsukuda atanihamishia tawi la Wakkanai, kule kwenye theluji. Balaa! Wameleta jedwali la maswali: duara ni ndiyo, pembetatu ni kiasi, msalaba ni hapana. Swali la tisa: je, takwimu zetu zinafuata kanuni ya wazi, ili programu ya kampuni yoyote iweze kuzisoma? Nimemuuliza fundi wetu, Bi Kuramochi. Kasema kuingia zinaingia, kutoka hazitoki, niweke pembetatu. Igarashi wa kampuni pinzani kaweka duara. Hanishindi yule! Nimeweka duara ndani ya duara: bora kabisa.

Jumatano, 5 Februari
Kiwanda kimefurahi. Mno! Bi Hatanaka, mkuu wa mitambo yao, kapiga simu. Ijumaa nihamishie takwimu za siku moja kwenye programu ya Igarashi, mbele ya wote. Nimesema hakuna shida. Kisha nimekwenda kujifungia chooni.

Alhamisi, 6 Februari
Mbinu: kuzipiga picha takwimu na kuzibandika kwenye Excel. Picha mia nne. Bi Kuramochi kanikuta kwenye ya thelathini na moja, kacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kumbe mlango wa takwimu kutokea aliujenga ndani ya programu mwaka jana! Ukatiwa kufuli baada ya mjuaji mmoja kudai kikaoni kwamba wateja watatoroka. Nikauliza ni zuzu gani huyo. Akanionyesha muhtasari wa kikao. Ni mimi.

Ijumaa, 7 Februari
Kufuli limeondolewa. Takwimu zimetoka zote, hata moja haikupotea! Igarashi naye kaambiwa atoe zake. Kaomba wiki mbili. Mwongo mkubwa! Bi Hatanaka katuchagua sisi. Kasema siku wakituchoka, wataondoka bila kumbembeleza mtu. Sababu ya ajabu, lakini nimeinama mara sita kwa shukrani.

Jumatatu, 10 Februari
Nimewaza Jumapili nzima. Mlango ukiwa wazi, si watatoroka kweli? Nimebuni fomu ya kutoka: mihuri saba, kwa faksi, Jumanne tu. Nimempelekea bosi kwa fahari. Kaisoma mara mbili. Kisha kaniuliza kama nina koti zito. Sina. Mzee ana roho nzuri sana. Bila shaka anataka kuninunulia.