Baridi ya Wageni

Jumatatu, 2 Februari

Kompyuta imezima tena. Katikati ya mbio za gemu, kona ya mwisho, gari langu likiwa mbele. Kioo cheusi. Prosesa ilifika digrii tisini na tano, ikaona bora ife.

Kompyuta hii nimeiunda mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, tangu nikiwa chuo. Inapozwa kwa maji: pampu, tangi, mipira, rejeta ndogo. Kwenye picha inavutia. Kwa Kilosa ya Februari ni birika. Maji yanaanza safari yakiwa tayari ya vuguvugu.

Na Jumapili ni Mikumi. Nassir, mwenye ukumbi wa gemu pale barabara kuu, ametangaza shindano: kila mtu aje na mashine yake. Mshindi ataajiriwa kutunza mashine zote za ukumbi. Amenitumia ujumbe wa sauti. Anacheka kabla hajasema. Eti dada Irine, usisahau ndoo ya barafu.

Sicheki. Mama mkubwa Hildegarda, ambaye naishi kwake, ameshasema: mwezi huu ukiisha sina kazi, narudi Kidodi kwa baba, kuandika namba za malori ya miwa. Niliwahi kushika kazi ile likizo moja. Vumbi, honi, namba. Vumbi, honi, namba. Nikirudi sitoki. Nitazeeka nikisoma namba kwa sauti.

Nina wazo. Linanitisha. Kuna kibamba cha mraba, kidogo kuliko kipande cha sabuni; mafundi wanakiita peltia. Ukikipa umeme, upande mmoja unakuwa barafu, upande wa pili unaunguza. Nikikibana kwenye njia ya maji, Nassir atanyamaza. Madukani Kilosa hakipo. Lakini najua kilipo. Kipo sebuleni, ndani ya mashine ya maji ya mama mkubwa, chini ya kitambaa cha kufuma.

Jumanne, 3 Februari

Hoja zangu, kwa utulivu. Mashine ile alizawadiwa na manesi wenzake alipostaafu. Ina koki mbili, ya moto na ya baridi. Sisi wa nyumbani hatuigusi. Tunakunywa ya mtungini. Baridi ni ya wageni. Wageni wasipokuwepo, haichomekwi hata kwenye umeme. Kwa hiyo kibamba kimelala bure. Kwa hiyo si wizi. Ni kukiamsha.

Mama mkubwa alipokwenda sokoni nilifungua mgongo wa mashine. Moyo ulinigonga hadi kwenye meno. Nikakata nyaya, nikakitoa, nikarudisha kitambaa na mikunjo yake ileile. Nikageuka: Loveth mlangoni. Huyu binamu yangu hatembei, anatokea. Akauliza nafanya nini. Nikasema nafuta vumbi. Kwa bisibisi? Nikasema vumbi la ndani.

Alinitazama kama mtu anayeweka akiba.

Jumatano, 4 Februari

Inafanya kazi! Niliacha kibamba kipoze tangi kwanza, ndipo nikawasha gemu. Digrii arobaini na moja! Nililia kidogo.

Kisha nikaona mipira inatoka jasho. Tone moja likaning'inia juu ya kadi ya picha, likinitazama. Unyevu wote wa Kilosa ulikuwa umesikia kuna ubaridi chumbani kwangu na umekuja kukaa. Nilijua! Umande, fizikia, kidato cha tano. Swali hilo nilipata maksi zote. Kwenye karatasi halikuwa na kadi ya picha chini yake.

Nimechana godoro langu, nimefunga mipira yote kwa sponji na vipande vya kitenge. Kompyuta inafanana na mtu aliyeanguka na bodaboda. Lakini hakuna tone. Sponji linanyonya yote. Yanakwenda wapi baada ya hapo, sikujiuliza.

Alhamisi, 5 Februari

Balaa. Sala ya jumuiya Jumamosi hii ni kwetu. Padre Rafaeli mwenyewe anakuja. Mama mkubwa ametangaza akiwa amesimama, mikono kiunoni, kwamba safari hii hakuna mtu atakayeondoka nyumbani kwake na koo kavu. Akaenda kuchomeka mashine ajaribu.

Feni ikavuma. Maji yakatoka vuguvugu. Nilishika ukuta. Akasema umeme leo ni mdogo, tuipe muda, akaipapasa mgongoni kama mgonjwa anayepata nafuu. Loveth akasema pengine ina vumbi la ndani.

Nimeota lori limeegeshwa sebuleni, limefunikwa kitambaa cha kufuma.

Mpango: kibamba kirudi Jumamosi asubuhi, jumuiya inywe, Jumapili kitoke tena. Nani ataumia?

Jumamosi, 7 Februari



Nilikirudisha alfajiri. Nyaya nilizoungia zilitoka kwenye redio mbovu, zote mbili nyeusi. Nikasikia kandambili za Loveth. Nikaunga harakaharaka, nikazungusha tepu, nikachomeka.

Jumuiya wakafika. Joto kali. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, masomo, nia, rozari. Kila aliyefumba macho alifumbua moja kuitazama mashine. Mwisho mama mkubwa akatoa glasi zenye maua, zile za kabatini, akamkingia Padre kwenye koki ya baridi.

Padre akapiga funda kubwa. Macho yakamtoka. Kwa kuwa ni padre, alimeza.

Mzee Donati akapokea yake, akaishika kwa ncha za vidole, akauliza kwa heshima kama mama Hildegarda ana majani ya chai.

Nilijua papo hapo. Nyaya! Ukizigeuza, na kibamba kinageuka: penye barafu panachemka. Nilikuwa nimewapa jumuiya koki mbili za moto. Mama mkubwa akatazama mashine. Akanitazama mimi. Loveth akafungua akiba yake: alisema Irine aliifungua Jumanne kwa bisibisi.

Nilisikia malori ya Kidodi. Nikasema nilitaka kuikarabati, mama mkubwa, ili ufurahi. Ulimi wangu mwenyewe ulinitisha. Akasema haya, karabati sasa hivi, wote tunaona. Nikapiga magoti mbele ya jumuiya nzima, nikabadilisha nyaya. Wakaimba nyimbo mbili wakisubiri. Koki ikatoa maji yanayouma meno. Makofi! Mzee Donati akaniita injinia, akaulizia redio yake.

Mama mkubwa aling'aa. Kisha akaniinamia sikioni: mwanangu, nikiikuta imefunguliwa tena, sitasubiri mwezi uishe. Mbele ya Padre nikaahidi. Nikasema amina.

Jumapili, 8 Februari

Nilisema naumwa tumbo. Walipokwenda misa ya kwanza nilikitoa kibamba.

Kompyuta niliipakata hadi Mikumi, imefungwa khanga. Mama mmoja ndani ya gari aliuliza mtoto ana miezi mingapi. Nikasema anaumwa. Akanipa pole na machungwa.

Ukumbi ulijaa, mvua ilikuwa imetoka kunyesha, kuta zilitoka jasho. Nassir akauliza kama huyu ni mshiriki au majeruhi. Nikawasha. Mashine zao zilinguruma kama za kusaga, yangu ilinong'ona. Nassir akaja, akagusa tangi, akarudisha mkono. Kimya! Nitaukumbuka ule ukimya maisha yangu yote.

Nilikuwa wa kwanza. Mzunguko wa mwisho. Nassir akainama kuangalia, akasema kwa sauti ya kweli kabisa: dada, hii umefanyaje? Na kwa mapenzi, kama mtu anayempongeza farasi, akalibonyeza sponji.

Lilikuwa limenyonya tangu Jumatano.

Maji yalishuka yote kwa pamoja. Tiki. Harufu ya plastiki. Kioo cheusi. Nassir hakucheka, jambo lililonitisha zaidi. Alileta taulo.

Ndipo simu ikaita. Mama mkubwa hakusalimia, na mimi nikasahau shikamoo. Alisema Padre amepita baada ya misa, amekuja na wageni wawili kutoka Morogoro. Amewasifia maji njia nzima.

Akakata.

Jumatano, 11 Februari

Kidodi. Vumbi, honi, namba.

Mama mkubwa hakunigombeza. Alinikunjia nguo mwenyewe, vizuri, shati juu ya shati, na nikaogopa kuliko kama angenipiga. Kibamba nilimrudishia, nikaunga mbele yake. Aliweka kitambaa cha kufuma, kisha juu ya kitambaa akaweka Loveth kuwa mlinzi.

Baba amepokea shikamoo yangu, amenipa kiti na dirisha. Lori, namba. Lori, namba. Nimetubu. Sitagusa tena kitu cha mtu.

Ila kompyuta ya ofisi hii inateseka. Inazima kila mchana, namba zinapotea, baba anaipepea kwa gazeti. Inatia huruma. Na msimamizi, mzee Stefano, ana friji dogo la kuchomeka kwenye gari, analitunza kabatini. Nimeligusa mgongoni. Ni lenyewe: ndani kuna kibamba. Analiwasha kupoza mtindi wakaguzi wakija tu.

Nimejifunza, lakini. Kosa lilikuwa nyaya nyeusi. Nimeazima rangi ya kucha, nitaweka alama nyekundu.

Nimemuuliza baba wakaguzi wanakuja lini. Amesema mwezi huu hawatarajiwi.