Mtaalamu Pekee wa Rumania

Alhamisi, 14 Desemba 1989

Nimeduwaa. Saa nne asubuhi Meneja wetu, Bwana Abraham, alituita wote uani akasoma barua. Kwanza habari mbaya. Wafanyabiashara binafsi wanapita vijijini na malori yao, wananunua alizeti mlangoni kwa mkulima. Siku hizi ni ruksa. Ushirika wetu hauna cha kupima wala cha kutunza. Watu watapunguzwa.

Halafu habari njema! Nafasi moja ya mafunzo ya kukamua mafuta ya alizeti, miezi sita, nchini Rumania. Atakayekwenda hatapunguzwa. Usaili ni tarehe 28, na maswali ni juu ya jiografia ya Rumania, watu wake na serikali yake.

Rumania! Sikujua iko wapi. Niliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyezaliwa huko.

Tumejiandikisha wawili tu. Mimi, Ezekieli, karani wa stoo kwa miaka kumi na moja. Na Mughwai wa mizani. Mughwai! Mtu anayeshinda ndani ya vumbi la magunia mpaka kope zinakuwa nyeupe. Ndiye wa kupelekwa Ulaya?

Ijumaa, 15 Desemba

Nimechomoka kazini kwenda maktaba. Mama Theresia, mkutubi, alisema kitabu cha Rumania kipo kimoja tu mkoa mzima. Kimoja! Wazo likaja lenyewe, sikuliita. Kitabu kikiwa kimoja, mtaalamu naye atakuwa mmoja. Nikakiazima, nikakichomeka ndani ya shati, nikapita njia ya nyuma.

Ni kijitabu cha mwaka 1978. Jaladani wapo Rais wao na mkewe, wanatabasamu kwenye shamba la mahindi.

Nimesoma hadi macho yakauma. Mshtuko wa kwanza: Warumania wanakula ugali! Ugali kabisa, wa mahindi. Wanauita mamaliga. Wazungu! Nimemsomea mke wangu, Asnath, mara tatu. Aliuliza kama wanaula na mlenda. Kitabu hakisemi.

Mshtuko wa pili: mlima wao mrefu kuliko yote, Moldoveanu, una mita 2,544. Hanang wetu huo hapo unaupita mbali sana, na wala hatujajiandikia kitabu.

Jumapili, 17 Desemba

Tumetoka kanisani, nimekaa mlangoni kwangu Mandewa, mara Mughwai huyo! Amebeba boga. Akasalimia vizuri, akauliza kama ninacho kitabu. Akasema tusome pamoja, atakayejaliwa apate. Ujanja wa namna gani huu?

Kitabu nilikuwa nimekikalia. Nikamwambia nimesikia kimepelekwa Dodoma kujaladiwa upya. Asnath alinitazama. Nikakohoa. Mughwai akashukuru kwa taarifa! Akaacha boga, akaondoka.

Asnath aliniuliza, "Baba Loyce, huoni haya?" Nikamjibu kwamba waliopanda ndege hawakupandishwa na haya.

Jioni nimejaribu koti la mtumba nililonunua kwa ajili ya baridi ya Rumania. Linafika kwenye vifundo vya miguu. Nimelivaa kwa saa moja ili kulizoea. Nimelowa jasho hadi soksi.

Jumanne, 19 Desemba

Maafa! Mughwai alipita maktaba. Mama Theresia kamwambia kitabu hakiko Dodoma, kiko kwa Ezekieli. Nilimwona akija stoo nikaingia nyuma ya magunia matupu, nikakaa humo hadi saa nane.

Kitu cha kuchekesha: amenunua betri mpya za redio. Anawaambia watu kwamba kwa kuwa hana kitabu, atasikiliza taarifa ya habari kila jioni, huenda Rumania ikatajwa. Redio! Nilicheka mpaka nikapaliwa na vumbi. Redio itamtajia mito na milima?

Lakini atakuja nyumbani tena. Na Asnath ana moyo laini. Nimeamua: naondoka na kitabu. Nakwenda Rungwa kwa shemeji Alphonce, kaka yake Asnath, mrina asali. Huko hakuna maktaba, hakuna usaili, hakuna Mughwai. Nimemwambia Meneja kwamba shemeji amekanyagwa na nyati. Alisikitika sana. Kanipa ruhusa hadi tarehe 27 na pole nyingi.

Alhamisi, 21 Desemba

Nimefika Rungwa. Sijui nimefikaje. Lori la kwanza hadi Itigi, juu ya mapipa. Lori la pili lilikuwa linafuata nta, likazama kwenye tope mara mbili. Nilisukuma nikiwa nimevaa koti, maana ningelivua lingeibwa. Sasa lina uzito wa mtu wa pili.

Shemeji amenipokea vizuri. Nimemweleza kwamba amekanyagwa na nyati, ili akiulizwa asishangae. Aliitazama miguu yake kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Jumamosi, 23 Desemba

Siandiki sana, jicho moja limefunga.

Asubuhi niliingia porini kukariri kwa sauti sura ya serikali. Chama kimoja. Bunge Kuu la Taifa. Mikoa thelathini na tisa na jiji la Bukareshti. Nilipofika pale kitabu kinaposema serikali ya Rumania ni imara kama mwamba, nikaupiga mti ngumi ili kukazia. Sikutazama juu. Juu kulikuwa na mzinga.

Salaala! Nilikimbia huku nikitaja mikoa.

Shemeji alinitoa miiba kumi na saba usoni. Alisema neno moja tu, kwamba nyuki hawapendi hotuba.

Jumapili, 24 Desemba

Kumbe shemeji ana redio! Nilishtuka. Lakini betri zilikufa tangu mwezi wa nane, anazianika juani kila siku kama dagaa. Leo jioni akazijaribu. Ikakoroma. Mara nikasikia kwa masikio yangu: "...Bukareshti... umati mkubwa umejaa mitaani... Rais..." Ikazima.

Nusura nilie! Umati mkubwa mitaani! Nikamweleza shemeji kwamba hivyo ndivyo wananchi wa kule wanavyompenda kiongozi wao. Hata sikukuu ya kuzaliwa Bwana hawakai majumbani, wanatoka kumshangilia. Shemeji akasema sauti za nyuma zilikuwa kama bunduki. Nikamwelimisha: ni fataki. Mtu wa porini hajui fataki.

Jumatatu, 25 Desemba

Krismasi. Nyama ya mbuzi, ugali, asali. Nimeshindwa kutafuna kwa upande wa kulia.

Mchana nimetunga salamu za sikukuu kwa Rais wa Rumania na mkewe. Nitazitoa mwisho wa usaili. Mughwai hawezi kufikiria kitu cha namna hii. Nimewatakia afya njema, maisha marefu, na utawala usio na mwisho. Mwenyewe nimezisoma nikasisimka.

Jumatano, 27 Desemba

Nimerudi, na nina mengi ya kushangaza.

Asubuhi Itigi, kwenye mgahawa wa chai, mzee mmoja aliona kitabu changu mezani. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akakazia macho picha ya jaladani, akasema, "Mwanangu, hao umesikia yaliyowapata?" Nikajua mara moja. Katumwa! Mughwai ana mkono mrefu kiasi hiki? Anataka nianze kueleza ili mambo yangu yamfikie. Nikaziba masikio kwa vidole nikaimba wimbo wa kwaya. Mzee akachukua kikombe chake akahamia meza nyingine.

Nimefika nyumbani jioni. Asnath aliposhtukia uso wangu alipiga yowe, majirani wakaja. Walipoondoka akaanza: Mughwai amekuja mara tatu nisipokuwepo, ameacha ujumbe, kwamba Rumania... Nikamkatiza. Nimempiga marufuku kuitaja Rumania ndani ya nyumba hii hadi kesho saa nane. Akasema, "Baba Loyce, nisikilize, ni jambo kubwa." Nikamwambia mambo makubwa yote ninayo kichwani, na akiongeza lingine yatamwagika. Akaniwekea chakula. Alinitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, kama mtu anayetazama ng'ombe anayeelekea kuzama ziwani.

Kesho!

Alhamisi, 28 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Nilifika saa mbili na koti langu. Mughwai alikuwa amekaa kwenye benchi, kashika karatasi aliyochora bendera ya Rumania. Bluu, njano, nyekundu, sawasawa. Lakini katikati kaacha tundu! Tundu zima la duara, kalikata kwa wembe. Nilifurahi vibaya. Nembo imemshinda kuchora, maskini, kaamua kuitoboa. Akanisogelea akasema, "Kaka, kabla hujaingia, kuna kitu ujue." Nikamwambia asihangaike. Nikaitwa.

Walikuwa watatu: Meneja, Mama Elizabeti wa elimu mkoani, na bwana mmoja wa kutoka Dodoma. Kwa jicho langu moja niliona kama vivuli tu. Walinipa pole ya uso. Nikaanza.

Nilikuwa moto! Milima ya Karpati. Mto Danubi unavyoishia Bahari Nyeusi, na ndege aina ya mwari wanaozaa kwenye matete yake. Lugha yao ndugu wa Kilatini. Wahangari na Wajerumani wanaoishi miongoni mwao. Mamaliga! Mama Elizabeti alisema "haa!" kwa mamaliga. Nilijiona niko ndani ya ndege.

Ndipo bwana wa Dodoma akauliza, taratibu, hali ya serikali ya Rumania hivi sasa ikoje. Nikasema ni imara kama mwamba. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika kuliko nilivyo na hakika ya nyumba yangu, juzi tu wananchi wamejaa mitaani kuonyesha wanavyompenda Rais wao. Meneja akaanza kukohoa. Nikaona ameguswa. Nikasimama, nikawaomba nao wasimame kwa heshima, nitoe salamu za sikukuu. Meneja kwa mazoea akasimama! Nikasoma zote. Afya njema. Maisha marefu. Utawala usio na mwisho. Yeye na mkewe.

Nilipomaliza, Mama Elizabeti alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Nilidhani analia. Alikuwa analia kweli, kwa kicheko.

Bwana wa Dodoma ndiye aliyeniambia. Wananchi walijaa mitaani kumwondoa. Ijumaa alikimbia kwa helikopta. Akakamatwa. Siku ya Krismasi, yeye na mkewe, wamepigwa risasi. Dunia nzima inajua. Bendera wameikata nembo, wanaipeperusha na tundu.

Siku ya Krismasi! Mimi nilikuwa natunga salamu!

Nilikaa. Kiti hakikuwepo, nilikuwa nimekisogeza niliposimama.

Ijumaa, 29 Desemba

Sikulala. Leo Meneja ametangaza. Safari ya Rumania imesimama, hakuna hata ajuaye barua ziandikwe kwa nani. Lakini usaili ulifanyika na mshindi yupo. Mughwai! Atakwenda chuoni Moshi miezi tisa kusomea ukamuaji wa mafuta, mshahara unaendelea, na jina lake limeondolewa kwenye orodha ya kupunguzwa. Wamesema hakujua mlima hata mmoja, ila alieleza yaliyotokea siku kwa siku, kwa utulivu, na akasema watu wakinyimwa ugali wao muda mrefu huwa hivyo. Redio!

Mimi sijapunguzwa. Bado. Stoo inafungwa, nitashika mizani badala ya Mughwai. Meneja akaniuliza hali ya shemeji na nyati. Nikasema anaendelea vizuri. Akauliza kama huyo nyati amenipiga na mimi usoni. Ua zima likacheka.

Jioni Mughwai alikuja kuaga. Nilikataa kutoka chumbani. Nikamsikia anamwambia Asnath, "Shemeji, usimlaumu. Nilipaswa kumshika mkono nimwambie kwa nguvu." Hakuwa na kejeli sautini. Ndilo lililoniumiza. Asnath akamjibu kwamba hata yeye alipaswa, lakini alichoka.

Alichoka! Baadaye nimemwomba msamaha. Nilisema maneno matatu, ni mengi kwangu. Alinipaka dawa usoni, kisha akasema kwamba mtu akikuletea neno, lisikilize kwanza, lirudishe baadaye. Nikakubali. Nimekubali kwa moyo wote. Nimekuwa mtu mpya.

Jumanne, 2 Januari 1990

Siku ya kwanza mizanini. Hakuna mzigo hata mmoja. Nimejipima mwenyewe mara sita.

Saa tano nikamsikia Meneja dirishani akimwambia mtu kwamba mwaka kesho huenda ikatokea nafasi nyingine Ulaya. Jirani kabisa na Rumania. Moyo ukaruka!

Saa sita nilikuwa maktaba. Mama Theresia kasema majirani wa Rumania ni wengi, lakini kitabu kipo cha mmoja. Kimoja tu! Sasa hivi kiko chini ya godoro. Asnath ameanza kusema kwamba Mughwai kamwachia redio yake atumie, tuwe tunasikiliza habari. Nimeirudisha kwao Mughwai leo hii hii. Redio inachanganya mtu anayesoma.

Na nimesoma vizuri, sikurupuki tena. Jamhuri sita, bendera moja, udugu na umoja. Kurasa mia mbili, na hakuna mahali panaposemwa wamegombana. Inaitwa Yugoslavia. Safari hii nimechagua nchi isiyovunjika.