Kitani, Nyasi na Gundi ya Boti

Jumatatu, 3 Machi
Upepo wa bandari hii ya Esbjerg umeninyang'anya kofia tena. Si neno. Mwezi huu ni wangu mimi, Villads Kjeldgaard. Ijumaa ya wiki ijayo Profesa Brinch, mkuu wa maabara yetu, atachagua kibao kimoja cha majaribio kipelekwe baharini, kifungwe kwenye mguu wa mtambo wa umeme wa upepo, kikae mwaka mzima kwenye chumvi na mawimbi. Kikitoka salama, huenda mapanga ya mitambo ya kesho yakatengenezwa hivyo. Ya sasa yakizeeka huzikwa ardhini kama maiti. Kibao changu: kitani cha shambani na gundi ya mafuta ya mimea. Hakuna tone la petroli! Kibao cha mpinzani: nyasi za baharini. Nyasi! Mpinzani ni Dokta Ragnhild Toft, miaka thelathini na moja, hucheka na kila mtu. Simwamini mtu anayecheka kabla ya saa tatu asubuhi.
Mkataba wangu unaisha Aprili.

Jumatano, 5 Machi
Vibao vitano vya Ragnhild na vyangu vitano vimelala kwenye tangi la maji ya chumvi tangu Januari. Leo nimechungulia kupitia kioo cha tangi. Vyangu vimevimba! Kama mkate uliosahauliwa kwenye supu. Nimemwomba Bodil, fundi wa maabara, ufunguo wa tangi. Akauliza wa nini. Nikasema mapenzi ya sayansi. Akasema mapenzi yasubiri siku ya mtihani. Mwanamke jiwe.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata! Duka la bandarini linauza gundi ya kuziba boti zinazovuja. Hukauka hata majini. Ndiyo, ni ya petroli. Lakini tabaka jembamba tu. Mtu akivaa koti la mvua, amebadilika kuwa mtu mwingine? Hajabadilika.

Jumatatu, 10 Machi
Bodil ametimiza miaka sitini. Bendera ndogo mezani, keki, wote jikoni wanamwimbia. Koti lake limebaki kitini. Funguo zimo mfukoni! Ubeti wa kwanza nimeimba kwa sauti kubwa, nionekane. Wa pili nikayeyuka. Toa kibao, futa, paka. Toa, futa, paka. Gundi ikaanza kushika kabla sijamaliza. Maandishi madogo ya mkebe sikuyasoma. Mara makofi jikoni! Nikavitumbukiza vyote kwa mpigo, nikafunga, nikarudi mbio. Ragnhild alikuwa ameniwekea kipande cha keki. Akauliza nilikuwa wapi. Kupiga chafya, nikamwambia.
Nimepoteza glavu moja. Si kitu. Ushindi una gharama zake.

Ijumaa, 14 Machi
Sijui nianzie wapi.
Wageni watatu wa mfuko unaotufadhili, suti nyeusi, kalamu mkononi. Vibao vya Ragnhild vikatoka kimoja kimoja, mashine ikavikunja, vikavunjika kwa heshima zao. Zamu yangu. Bodil akavuta. Akavuta tena. Likatoka tofali! Vibao vitano vimegandana kuwa kimoja, na baina ya cha tatu na cha nne umechomoza mkono. Glavu yangu. Kidole gumba juu.
Profesa akavua miwani. "Villads, nani huyu humu ndani?"
Nikasema ni sufu ya kondoo, imewekwa makusudi, inaongeza nguvu.
"Na hizi herufi V.K., nazo zinaongeza nguvu?"
Mashine ikalibana tofali, ikanguruma, ikazimika. Mgeni mmoja akapiga makofi! Kwa sekunde mbili nilikuwa mfalme. Kisha Ragnhild akanusa. Akasema polepole, bila kejeli, kwamba harufu ile anaijua, baba yake ana boti inayovuja.
Ndipo Bodil akafungua kabati lake. Kumbe huweka kibao kimoja cha akiba cha kila mtafiti, kwenye ndoo yake ya chumvi. Kwa nini? Kwa sababu, alisema akinikazia macho, amefanya kazi na watafiti miaka thelathini na miwili. Kibao changu cha akiba kilikuwa kimevimba kama wenzake. Mashine ikakikunja. Kikapinda, kikapinda, kikagoma kuvunjika. Kikavipita vya Ragnhild kwa mbali! Kuvimba si kuoza, akasema Profesa, hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa pili analijua.
Ningeshinda! Ningekaa tu jikoni nile keki, ningeshinda!
Nimeondolewa. Ragnhild ndiye wa kwenda baharini.

Jumatatu, 17 Machi
Asubuhi nzima nimekwangua gundi kwenye trei za Bodil. Amesimama nyuma yangu akinionyesha nilipobakiza.
Mchana nikajikaza, nikaenda kumwomba Ragnhild msamaha. Alikuwa akila samaki wa siki na mkate mweusi.
"Kaa basi, kaka, usisimame kama mshtakiwa," akasema. "Kazi nzuri vile unaifunika kwa uchafu! Ulikuwa unaogopa nini?"
Nikamwambia ukweli. Nina miaka arobaini na minne. Mkataba ukiisha, narudi Herning kwa mama, kwenye chumba changu cha utotoni. Hakucheka. Akanisogezea nusu ya mkate wake. Kisha akanieleza kwamba ameshamwambia Profesa hapandi meli bila kibao changu cha akiba. Vyote viwili vitafungwa kwenye mguu mmoja. Na kwa ombi lake Profesa ameuongeza mkataba wangu hadi Desemba.
Nimelia kidogo. Nikasingizia vitunguu. Hapakuwa na vitunguu.

Alhamisi, 20 Machi
Nimeapa mbele ya kioo: sifanyi hila tena maishani. Moyo mweupe. Mtu mpya!
Nimekwenda gatini kuwaaga wanaopeleka vibao baharini. Ragnhild alikuwa bado anavaa vazi lake la kuokolea maisha. Nikapata dakika moja na fundi wa meli. Nikamshauri, kwa faida ya sayansi, kibao cha Dokta Toft akifunge upande wa magharibi, mawimbi yanakopiga. Changu akifunge nyuma ya mguu, mashariki, kwenye utulivu. Akauliza kama Dokta mwenyewe anajua. Nikamwambia anapenda kushtukizwa.
Hiyo si hila. Ni jiografia.