Kichwa cha Mjomba na Masharubu Yake

Jumatatu, 3 Machi

Kazi mpya katika karakana ya sanamu. Kichwa cha mtu wa nyumbani, kwa udongo, ukubwa wa kweli. Mwalimu amesema kitakachopendeza zaidi kitawekwa langoni siku ya wazazi. Na atakayeshindwa atahamishiwa hesabu za ziada, chumba cha juu, kisicho na feni. Aliposema hivyo aliniangalia mimi. Kwa nini mimi? Chungu changu cha muhula uliopita kilivuja tu. Vyungu huvuja.

Somo hili nililichagua kwa sababu halina mtihani wa kuandika. Hakuna aliyenionya kuhusu mikono.

Jirani yangu wa meza tunamwita Sindano. Mwembamba, kimya, vidole vyake vinajua mambo. Alikuwa ameshamaliza kukanda udongo wake kuutoa hewa, mimi bado natafuta aproni. Eti atamfinyanga bibi yake. Ujanja huo! Mikunjo huleta alama. Basi nami nitamfinyanga Mjomba. Ni mdogo wake Mama, anakaa kwetu, na ana masharubu ambayo mtaa mzima unayajua.

Jumatano, 5 Machi

Pua imeanguka. Nimeirudisha. Imeanguka tena, safari hii imeondoka na shavu.

Mwalimu alituagiza tufunge kwanza kiunzi cha waya na magazeti, udongo upate cha kushikilia. Niliona ni kupoteza wakati. Sasa kichwa changu kinazama mabegani polepole, kama mtu aliyepokea habari mbaya. Bibi yake Sindano tayari ana mashavu, kidevu, na jicho la mtu anayetaka kukutuma dukani.

Lakini leo nimeona jambo. Wanafunzi wa mwaka wa mwisho walikuwa wanatengeneza kalibu za majani. Unapaka jani mafuta, unamimina plasta, unangoja ikauke, unabandua. Kisha unakandamiza udongo ndani ya kalibu na jani linatoka lilivyo, mpaka mishipa yake. Bila jasho!

Kama jani linawezekana, mjomba ana shida gani? Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimejaza unga wa plasta kwenye mkebe wangu wa chakula. Nimeazima tu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ndefu. Niandike kabla Mama hajanikumbuka tena.

Kesho Mjomba alikuwa aende kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, yule muuguzi. Tangu asubuhi alikuwa anapiga pasi shati lile lile. Nikamwambia kuna dawa mpya ya ngozi, unga mweupe, humwacha mtu na uso laini kama wa mtoto. Aliuliza kama inauma. Nikasema hata kidogo. Akalala kwenye kochi mwenyewe, kwa hiari yake. Hilo watu wanalisahau.

Sharti lake lilikuwa moja: nisiguse masharubu. Alisema yamemchukua miaka kuyafundisha kulala. Basi nikapaka mafuta ya mgando paji la uso, mashavu, pua na kidevu. Masharubu sikuyagusa. Mimi ni mtu wa ahadi. Nikamwekea mirija puani ili apumue, nikamimina plasta juu ya kila kitu.

Plasta ikikauka hupata joto. Mjomba akanyanyua dole gumba. Alidhani dawa inafanya kazi.

Kubandua. Paji limetoka. Mashavu yametoka. Kidevu kimetoka. Halafu ikagoma. Nikavuta. Mjomba akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu. Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi, naye akavuta, na nusu ya masharubu ikabaki kwenye plasta. Nusu ya kushoto.

Mama alisema nami kwa sauti ya chini. Mama akipaza sauti, huna wasiwasi. Akiishusha, tafuta pa kuhamia. Mjomba alijifungia bafuni akatoka hana masharubu kabisa. Sikuwa najua kwamba ana mdomo wa juu.

Lakini kalibu! Safi ajabu. Kila tundu la ngozi limo.

Jumamosi, 8 Machi

Mjomba amerudi mapema kuliko tulivyotarajia. Mama anasema baba wa mchumba alimpokea vizuri sana, akamkaribisha kiti, kisha akamwuliza kaka yake mwenye masharubu, yule anayetaka kuoa, atafika saa ngapi.

Mazungumzo yameahirishwa.

Mjomba hasemi nami. Tumekaa meza moja, magoti yanagusana, na bado anamwambia Mama, "Dada, mwambie mwanao anisogezee chumvi." Nimeisogeza kabla Mama hajaniambia. Hakuipokea. Alingoja Mama aisogeze tena.

Moyo umeniuma kidogo. Nimekwenda kukandamiza udongo kwenye kalibu.

Jumatatu, 10 Machi

Niliingia karakana kifua mbele. Uso wa Mjomba juu ya meza, mzima, ngozi na yote! Darasa lilizunguka. Hata Sindano aliacha bibi yake.

Mwalimu alikuja. Alikizunguka kichwa mara moja. Akaniuliza kwa upole ni lini nilijifunza kufinyanga vitundu vya ngozi. Nikasema nyumbani, kwa bidii. Akaniuliza kwa nini mtu huyu amefumba macho. Nikasema anafikiri. Akainama, akachomoa kitu kwenye mdomo wa juu, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Udongo hauoti nywele," alisema.

Kicheko kilitoka mpaka uani. Sindano alicheka hadi akashikilia meza.

Hukumu: nianze upya, kwa mikono, na kiunzi, mwisho Ijumaa. Na nimlete Mjomba mwenyewe akae mbele yangu. La sivyo, chumba cha juu. Nimlete vipi mtu ambaye hataki hata chumvi yangu?

Jumanne, 11 Machi

Leo muuguzi amekuja nyumbani. Nilijificha nyuma ya mlango wa jikoni, si kwa umbea, ila kwa usalama. Alisema baba yake ametulia, waende tena wiki ijayo. Kisha akamwambia Mjomba kwamba miaka yote hii hakuwahi kuona anavyotabasamu. Alidhani ni mtu mkali. Akamwomba asiyaoteshe masharubu tena.

 Mjomba alishika mdomo wake wa juu kama mtu anayepapasa mfuko kuhakikisha funguo zimo.

Nikatoka. Nikamweleza yote: Mwalimu, Ijumaa, hesabu za ziada. Nikamwomba radhi. Mjomba akamwambia Mama, "Dada, mwambie mwanao nitakuja kesho. Lakini akinisogelea na unga wowote, naita polisi."

Jumatano, 12 Machi

Mjomba amekaa juu ya stuli, shati la kujitambulishia mwilini, mikono magotini. Mimi na kiunzi. Mwalimu alinikataza kugusa udongo kabla ya kutazama vya kutosha. Nikatazama. Sikio moja liko chini kuliko lenzake. Mdomo wa juu mweupe kidogo, kwa kukosa jua, na una kovu dogo. Nikamwuliza ni la nini. Alisahau kwamba hasemi nami. Akasema alianguka na baiskeli akiwa amempakia Mama, wote wadogo, akaweka uso wake chini ili Mama aangukie juu yake. Masharubu yalipoota, alishukuru.

Nimelifinyanga lile kovu kwa ncha ya kijiti. Kengele imelia sikuisikia. Kichwa kilipoanza kuegemea upande, Sindano alikishika bila kuambiwa mpaka nikakaza waya.  Sikumshukuru. Asidhani yamekwisha.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya wazazi. Bibi yake Sindano yuko langoni. Sawa.

Kichwa cha Mjomba kimefaulu. Kwa shida, Mwalimu amesema, lakini kimefaulu. Kimewekwa kwenye korido, karibu na mabomba ya kunawia. Mama alikikuta hapo, akagusa kovu kwa kidole, akasimama muda mrefu watu wakimpita na mikono inayodondosha maji. Muuguzi alisema sikio limekaa sawasawa. Mjomba alisema pua yake si kubwa hivyo. Aliniambia mimi, moja kwa moja, bila kumpitia mtu!

Jumatatu, 17 Machi

Kazi mpya: mguu wa mtu, kuanzia kifundo hadi vidole. Mwalimu amerudia kwamba tutazame kwanza, tufinyange baadaye. Sindano ameanza kuchora unyayo wa baba yake.

Nimefikiri sana juu ya yaliyopita. Kosa langu nimelijua, na sitalirudia. Mafuta yalikuwa machache.

Mama hulalamika kila siku kwamba visigino vyake vimepasuka. Nimemwambia kuna dawa, muuguzi mmoja aliniambia. Amevua viatu, amekaa kitini, mguu umo ndani ya beseni. Amesema hakujua kwamba nina huruma kiasi hiki. Sasa anasema dawa imeanza kupata joto.