Gari Lenye Macho

Jumamosi, 10 Ramadhani 1354

Msellem karudi kutoka Unguja na gari jipya. Taa zake za umeme. Anabonyeza kidude, zinawaka zote mbili, bila kiberiti, bila mafuta, bila jasho. Kengeja nzima imetoka kuzitazama. Miye sikutoka. Nimeziona kwa tundu la dirisha la chooni, na hapo ni kwa sababu nilikuwa chooni. Nilikaa chooni mpaka alasiri.

Gari langu mwenyewe, Johari, halina kosa. Ni la zamani, lakini lina adabu. Kuna mwaka lilitoka Mkoani mpaka Wete kwa mafuta ya nazi matupu, na kila kijiji tulichopita watu walitoka na sahani wakidhani kuna wali. Ila taa zake ni za mafuta ya taa. Bimkubwa, mke wangu, husema taa hizo zenyewe zahitaji kumulikwa.

Kinachoniuma ni hiki. Mwatima, binti wa dada yangu, anaolewa Mfungo Mosi, Ramadhani ikishatoka, na atapelekwa kwa mumewe Chake kwa gari. Wataondoka alasiri, wafike magharibi inaingia. Baba yake marehemu. Msellem ni ami yake, ndugu wa huyo baba, basi ndiye atakayemwoza. Sawa, hilo sheria imempa. Lakini gari sheria haikulitaja. Miye ni mjomba, na mjomba nina gari. Sasa dada Mwanamize kasema bi harusi atapanda gari lenye macho. Nikamuuliza macho ya nani. Kasema weye Pandu wajua. Atakata shauri siku ya Idi.

Ami amwoze, ami ampakie. Mjomba nibaki na nini, kula pilau?

Jumapili, 11 Ramadhani

Nimeanza na ubao wa mbele, ule ulio chini ya kioo. Wa Msellem una visahani viwili vyenye mishale. Wangu una msumari, natundikia tasbihi.

Leo nimeukata nikatia saa ya ukutani ya Bimkubwa. Kile kipande chake cha shaba kinachoyumba kinaning'inia baina ya magoti yangu. Nikikata kona kushoto, kinanipiga goti la kulia. Pembeni nimetia dira ya chombo. Katikati nimetia sahani ya mizani ya karafuu, kubwa kama sinia, na mshale wake. Visahani vitatu. Msellem ana viwili.

Bimkubwa kauliza sasa atajuaje saa ya daku. Nimemwambia aje atazame garini. Futari yangu leo imekuwa muhogo mkavu.

Jumanne, 13 Ramadhani

Kaja Msellem. Kalizunguka Johari mara tatu, mikono nyuma, kama anayenunua ng'ombe. Kaniuliza mshale ule mkubwa unapima nini. Nikasema mwendo. Kasema mbona pameandikwa ratili. Nikasema mwendo wa gari hili ni mzito. Watu wakacheka, miye nikadhani tumemaliza. Akangoja wanyamaze, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba Mjomba Pandu asihangaike, bi harusi atapimwa kwanza, akizidi frasila mbili atashushwa.

Hapo ndipo walipocheka kweli. Hata dada. Aliufunika mdomo kwa buibui, lakini mabega niliyaona.

Si taa zake zinazoniuma. Mabega ya dada.

Alhamisi, 15 Ramadhani

Nimekwenda Wete kwa Soud, fundi baiskeli. Ana jozi ya taa za kabaidi za gari la Mzungu mmoja aliyehama. Kabaidi ni mawe ya kijivu. Ukiyadondoshea maji yanatoa hewa, hewa inapita mpirani mpaka kwenye taa, ukiiwasha unapata mwanga mweupe kuliko huo umeme. Soud kaniusia matone, si mmimino. Kaniusia mara mbili. Nikamwambia mawe haya miye nimeyachezea yeye hajazaliwa. Kasema yeye ndiye mkubwa.

Nimejaribu nyumbani kwa jiwe moja. Yananuka yai viza. Bimkubwa kapekua viota vyote vya kuku. Lakini mwanga, subhanallah. Nzi alipita mbele yake, kivuli chake ukutani kikawa kama popo mkubwa wa msitu wa Ngezi.

Chombo cha mawe ni kidogo mno, kama kikombe. Cha watu wasiokuwa na haraka. Nimetengeneza changu kwa debe, nimelifunga nyuma ya ubao wa mbele. Nimetia mawe pishi nzima.

Jumamosi, 17 Ramadhani

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Nilichagua saa mwenyewe. Kabla ya magharibi watu wote wako kwenye baraza ya msikiti, futari imeshatandikwa, hakuna la kufanya ila kungoja mzinga. Hapa kwetu tunafuturu kwa mzinga wa mudiri, mkubwa wa serikali. Ukilia, tende mdomoni. Basi macho yote yapo, na hayana kazi. Msellem alikuwa mbele, mbele kabisa, kapakata bakuli la uji.

Nikaliegesha Johari liwaelekee. Nikafungua maji. Tone. Tone. Tone. Nikamwona Msellem anapiga miayo. Nikachukua birika la udhu nikamimina lote. Nikawasha kiberiti.

Mlio siukumbuki. Naikumbuka saa ya Bimkubwa, ilipita juu ya paa la msikiti ikiwa bado inakwenda.

Nilipoinuka, Kengeja nzima ilikuwa inakula. Shehe Jecha, ambaye masikio yake yana umri, alikuwa na tende ya pili na kokwa ya kwanza mkononi. Msellem uji ulikuwa umekwisha, anaomba mwengine. Nikataka kuwaambia. Kinywa kilijaa masizi, hakikutoa neno. Wakaadhini, wakasali, wakarudi kwenye ndizi za nazi. Hapo ndipo ulipolia mzinga wa mudiri.

Mikono ilisimama ilipokuwa. Hakuna aliyetafuna wala aliyetema. Shehe Jecha kauliza taratibu, sasa ule wa kwanza ulikuwa wa nani.

Wote wakanigeukia. Sina nyusi. Ndevu nnazo za upande mmoja.

Jumapili, 18 Ramadhani

Shehe Jecha kahukumu kila aliyekula ailipe siku ya jana, na sala irudiwe. Kijiji kizima. Na Msellem ndani yake, na uji wake bakuli mbili.

Nikakaa nikafikiri. Miye sikula. Miye nilikuwa chini ya gari. Basi mtu pekee wa Kengeja mwenye funga iliyotimia ni miye. Nimekwenda barazani kuwaeleza. Walionielewa wachache. Bibi Mwanawema, kizee wa miaka themanini, kanirushia mtalawanda wake, kiatu cha mti. Haukunipata. Kaniomba nimrudishie arushe tena, na kwa heshima ya umri wake nimemrudishia.

Dada kaja adhuhuri. Hakungoja Idi. Mwatima atapanda gari la Msellem. Johari litachukua masufuria ya biriani, na likae nyuma. Kanambia kuwa Mwatima mwenyewe alitaka kwenda nami, tangu mdogo alikuwa akisema atatoka kwao kwa gari la mjomba, lakini sasa anaogopa kufika bila nyusi.

Hilo la Mwatima kutaka kwenda nami bora asingelisema.

Nimejibu sawa. Mdomo ndio uliojibu.

Ijumaa, 7 Mfungo Mosi

Harusi ilikuwa jana.

Johari nimelifunga boneti kwa kamba. Taa hamna. Ubaoni kimesalia kisahani cha mizani tu. Nyuma masufuria matatu, kila moja limefunikwa kanga mpya, na Bimkubwa kaniusia nifuate, nisipite. Msellem anakwenda polepole, bi harusi asije akatapika. Vumbi lake lote nakula miye. Na kila akishika breki, kitaa chake chekundu cha nyuma kinanikonyeza.

Nilivumilia mpaka Mtambile. Baada ya Mtambile pana mteremko.

Nikapita. Dada, aliyekaa na bi harusi, alitoa mkono dirishani, nikajua ananiaga. Mshale ukavuka ratili mia na haukurudi. Nilipandisha vilima vya Chake kwa kasi ambayo ndege walikuwa wanasogea.

Sasa wakwe walikuwa wameambiwa bi harusi yumo gari la mbele. La mbele lilikuwa langu. Wakatoka wote. Vigelegele, marashi, asumini, kanga zimetandazwa toka barabarani mpaka mlangoni asikanyage chini. Wanawake wakaja wameinamisha macho kwa adabu, wakafungua nyuma, wakapokea wakiimba. Sufuria la kwanza lilipita juu ya kanga zote likafika mpaka kitandani. Somo, kungwi anayemngoja bi harusi chumbani, ndiye aliyelifunua.

Msellem alifika na taa zake zote mbili zinawaka. Barabara tupu. Marashi yamekwisha. Kanga zina nyayo za wapishi. Kapiga honi, hakutoka mtu, wote wako ndani wanabishana juu ya biriani. Mwatima akashuka peke yake akakanyaga vumbi. Kauliza nani kapokewa badala yake. Alipoambiwa kakaa chini kwenye kizingiti, kacheka mpaka wanja ukashuka. Dada hakucheka. Kasema hatasema nami mpaka Mfungo Sita.

Msellem kaniita pembeni. Kasema mtoto huyu hana baba, na leo nimempokonya mlango wake wa kuingilia. Kasema bila kejeli. Nilimtazama usoni nikauona wivu, maana vigelegele vile vilinipokea miye. Kisha nikalitazama gari lake nyuma ya bega lake. Vumbi lilikuwa limefutwa. Jekundu, linameta kama pilipili.

Leo sikurudi Kengeja. Baada ya sala ya Ijumaa nimepitiliza Wete kwa Soud kutafuta rangi. Nimemwambia nataka Johari liwe jekundu zaidi ya lile la Msellem. Kasema nyekundu ni nyekundu. Nimemwambia nitachanganya mwenyewe.