Yah: Shehe Kupewa Kiti Katika Mirathi ya Marehemu Baba

Abuu Mwinyijuma,
Muuza Kokoto,
Chalinze.

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleykum, na kwa wasiotumia salamu hiyo, habari za kazi. Naomba nafasi katika gazeti lako, hata kama ni pembeni karibu na matangazo ya vifo, niieleze nchi hatari ambayo mimi nimeiona kwa macho yangu wakati wengine bado wanaijadili redioni. Hatari hiyo ni serikali yetu kugeuka serikali ya kidini. Imeanzia kijijini kwetu, mwendo mfupi kaskazini ya mji wa Bagamoyo, siku ya Jumanne, kwa sababu ya shamba la minazi sitini aliloliacha baba.

Nijieleze kwanza nisije nikaeleweka vibaya. Mimi ni Mwislamu mtoto wa Mwislamu. Nilihitimu msahafu nikiwa na miaka kumi na miwili na kijiji kizima kilikula pilau. Sina ugomvi na dini. Ugomvi wangu ni dini kuvuka barabara na kuingia ofisini.

Marehemu baba, mzee Mwinyijuma, Mungu amrehemu, ametuacha watoto wawili tu, mimi na mdogo wangu Shufaa. Mama alitangulia. Shufaa anaishi humo humo shambani katika nyumba ya baba, na ni kweli kwamba alimuuguza miaka sita, akimgeuza kitandani na kumnywesha uji, jambo ambalo nimelishukuru mara nyingi kwa simu. Mimi katika shamba hilo nakusudia kujenga ukumbi wa harusi. Tayari nimemwaga lori zima la kokoto za Lugoba mbele ya jiko lake, naye anapita kwa ubavu bila kulalamika.

Ilipokwisha arobaini tulikwenda ofisi ya kijiji kukamilisha muhtasari wa kikao cha ukoo, ile karatasi ambayo Mahakama ya Mwanzo huitaka kabla ya kumteua msimamizi wa mirathi. Nilikuwa nimeshauandika mwenyewe ili kuokoa muda wa watu. Muhtasari ulisema kwamba shamba na nyumba ni vya mtoto wa kiume, na Shufaa anakaribishwa kuja kusalimia. Ulibakia muhuri tu, na sahihi ya Shufaa. Mtendaji wa kijiji aliusoma mara mbili, akauweka chini, akatuma mtu amwite Shehe Yahya. Tangu hapo nchi imebadilika, na malalamiko yangu ni haya:

1. Shehe alipewa kiti. Sisemi benchi tunalokalia wananchi. Ni kiti chenye mgongo, mali ya umma. Nchi ikiwa haina dini, viti vyake navyo havipaswi kuwa na dini, na nilisema hivyo kwa adabu. Shehe akainuka, akasema yeye hata chini angekaa, isipokuwa magoti yanamsumbua. Ndugu Mhariri, wanaodhani tawala za kidini huanza kwa mapanga wanajidanganya. Huanza kwa magoti.

2. Shehe aliulizwa dini inasemaje. Akasema mtoto wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja, kwa hiyo minazi arobaini yangu, ishirini ya Shufaa, na nyumba kwa hesabu hiyo hiyo. Aliyasema bila hata kufungua kitabu, kama mtu anayetaja siku za wiki. Nawauliza wapenda Katiba wote: kama leo aya inaweza kumpa mwanamke minazi ishirini, kesho itashindwa kumpa nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wenyewe umepita upande wa kisimani, kwenye minazi inayozaa.

3. Nilipopinga, Mtendaji alinijibu, na hili liliniuma kwa sababu ni binti mwenye shahada. Alisema hapo dini haitawali. Ni sheria ya serikali yenyewe inayotaka kujua marehemu aliishi kwa dini, kwa mila au kwa njia nyingine, na ni hakimu wa serikali atakayeamua. Shehe ameitwa kama anavyoitwa mpima ardhi. Akishapima, anakwenda zake. Shehe akaitikia, akaongeza kwamba yeye hana hamu ya kutawala chochote, maana hata kamati ya choo cha msikiti imemshinda. Watu wote wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu anayekataa madaraka mbele ya watu ndiye wa kuchungwa. Na huyo mpima ardhi, sijawahi kumwona akiitwa halafu mpaka wa mtu ukabaki pale pale.

4. Kikao kiliahirishwa kwa ajili ya swala ya adhuhuri. Tulikwenda wote, nikiwemo mimi, lakini mimi nilikwenda kama mtu binafsi. Wenzangu walikwenda kama serikali. Nilikuwa safu ya pili na nikaona waziwazi Mwenyekiti wa kijiji, mtu aliyechaguliwa kwa kura, akirukuu kila Shehe Yahya aliporukuu na kusujudu kila aliposujudu. Hakupinga hata mara moja.

5. Baada ya swala nilizunguka ofisi ya kijiji nikagundua kuwa mlango wake umeelekea kibla. Mtendaji anasema umeelekea barabara. Nimekagua, vyote viwili ni kweli, na huo ndio ujanja wenyewe.

6. Tukikubali minazi ishirini, mambo hayataishia kwenye minazi. Mwaka wa fedha hautaanza mpaka mwezi uandame, na jinsi tunavyojuana, watu wa Bagamoyo watauona Jumatatu na sisi wa Chalinze Jumanne, kwa hiyo wilaya moja itakuwa na bajeti mbili. Leseni ya bodaboda itatolewa kwa anayejua dua ya safari. Kwenye mizani ya malori hawatapima tena tani, watamuuliza dereva nia yake. Mimi ni mfanyabiashara wa kokoto, Ndugu Mhariri. Nia za madereva wangu nazijua. Nitafilisika.

7. La mwisho ni Shufaa mwenyewe. Aliposikia ishirini, alilia. Siku ya mazishi hakulia, maana alikuwa anapikia watu. Sasa amelia, ndani ya ofisi ya umma, mbele ya shehe, kwa jambo la kisheria. Nakiri niliingiwa na huruma, mkono wangu ukaenda mfukoni kutafuta leso, lakini nikakumbuka kuwa mimi ndiye mlalamikaji nikaurudisha. Raia wakishaanza kupata faraja kutoka kwa viongozi wa dini, serikali ijue imekwisha.

Kwa kuwa mimi si mtu wa kulalamika tu bila kutoa njia, nilichukua karatasi safi nikaandika pale pale kwamba mirathi ya mzee Mwinyijuma igawanywe kwa sheria ya serikali isiyo na dini hata chembe, na kwamba nitayapokea matokeo yake bila kinyongo. Nikatia sahihi. Mtendaji akamuuliza Shufaa kama anaafiki. Shufaa akafuta macho, akasema kaka ndiye mkubwa, akatia sahihi na yeye. Muhuri uligongwa kwa haraka ambayo sijapata kuiona katika ofisi yoyote ya nchi hii. Shehe Yahya akatuombea heri akaenda zake nyumbani, na hivyo taifa likaokoka, walau kwa upande wetu.

Naomba uichape barua hii yote bila kupunguza neno, ili vijiji vingine vijifunze. Wasalimie wachapaji wako na wote wanaoamka alfajiri kuyafunga magazeti. Wasalimie wasomaji wa Lugoba, ambao kokoto zao ni nzuri. Mke wangu Nadhira anakusalimu, ingawa ameniomba nisiipeleke barua hii. Na Shehe Yahya, kama ni msomaji wako, naye msalimie, mwambie kwangu ni mzee wangu na shikamoo yake iko pale pale.

Ni mimi, niliye macho kwa niaba ya waliolala,

Abuu Mwinyijuma

Tanbihi: Kabla ya kuifunga bahasha nilipitia Mahakama ya Mwanzo na karatasi yangu. Karani ni mtu mpole. Alinifahamisha taratibu kwamba sheria ya serikali isiyo na dini haitazami mtoto wa kiume wala wa kike. Ni minazi thelathini kwangu na thelathini kwa Shufaa, na nyumba nusu kwa nusu.

Nikamwambia basi nimebadili mawazo, nataka mila za wazee wetu. Akasema nilete mtu wa ukoo anayezijua. Nikampigia Bilali wa Ubena, mtoto wa shangazi. Bilali alinishukuru mpaka sauti ikamkauka. Alinikumbusha kwamba kwa mila za wazee wetu mali ya mwanamume huenda kwa wapwa zake, watoto wa dada yake, yaani yeye na ndugu zake sita. Asubuhi yake walikuwa shambani na kamba ya kupimia. Ilibidi Mtendaji aende kuwaondoa, akiwaonyesha karatasi yangu yenye muhuri.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nakuomba usiichape barua hii. Nimelifikiria upya suala lote na nimeona kwamba nchi isiyomweka Mungu mbele haiendi popote, na kwamba shehe ndani ya ofisi ya umma ni baraka. Nimekwenda kumwomba Shehe Yahya arudi atugawie arobaini kwa ishirini. Amesema kwa upande wake hakuna tatizo, ila karatasi ile imetiwa sahihi na warithi wawili na wa kuifuta ni hao hao wawili.

Nimekwenda kwa Shufaa. Hakunigombeza. Alinipa chai na vitumbua, nami nikampa barua hii aisome, apate kuona jinsi nilivyohangaika. Aliisoma yote, kwa utulivu, mpaka kwenye salamu. Akasema kweli kaka nimemfumbua macho, hakuwa anajua kwamba hatari ya dini kuingia kwenye sheria ni kubwa kiasi hicho, na kwamba yeye hawezi kuwa mtu wa kuiangusha nchi kwa sababu ya minazi. Hatatia sahihi.

Kama mpaka unafika hapa umekwisha kuichapa, basi nitumie nakala mbili. Shufaa ameomba ya kwake.